Umemaliza chuo, gari bado lipo: namna ya kuamua kama ubaki nalo

Gari ndogo za Toyota kama IST, Vitz, Starlet na Passo zinazoegeshwa nje ya hosteli za Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro nyingi zilikuwa za baba au za shangazi, au zilinunuliwa kwa mchango wa ndugu ili kijana asihangaike na usafiri. Chuo kikiisha, lazima liamuliwe: libaki, liuzwe, au lirudi nyumbani? Watu wengi huamua kwa kutazama herufi ya namba ya usajili. "Hili ni namba B, limekwisha." Herufi ile inakuambia gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, basi. Haisemi lilitengenezwa mwaka gani wala lilitunzwaje. Kuna namba B inayowaka asubuhi kwa mguso mmoja, na kuna namba D iliyokwisha kuchemka mara tatu. Amua kwa hesabu ya miezi 12 ijayo na kwa hali ya chuma chenyewe.

Anza na mshahara unaofika mkononi

Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. NSSF wanakata asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya PAYE kwenye 630,000 inayobaki ni 42,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, ambayo ni 105,000. Mkononi unabaki na 483,000. Gari utalilisha kwa hiyo. Ile 700,000 ya kwenye barua ya ajira haiingii kwenye hesabu.

Sasa weka safari. Tuseme unaishi Mbezi Mwisho na kazi iko Posta, kilomita 22 kwenda na 22 kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 968. IST ya injini ya 1.5 kwenye foleni ya Morogoro Road inakwenda kilomita 10 hadi 12 kwa lita. Ukishika 11, unahitaji lita 88. Kwa bei ya mfano ya 2,800 kwa lita, hiyo ni 246,400, zaidi ya nusu ya kilichoingia mkononi, na hujabadilisha hata plagi moja. Bei halisi chukua ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi.

Usikubali ulaji wa mafuta wa kuambiwa. Jaza tenki mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha angalau kilomita 200 za maisha yako ya kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. IST ikikupa 7 au 8, kuna tatizo unalilipia kila siku: plagi zilizochoka, kihisi cha oksijeni, breki zinazobana, au thamostati (valvu inayodhibiti joto la injini) iliyotolewa na fundi.

Ongeza bima ndogo (ile ya kufidia watu wengine ukiwagonga), 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo ukishahesabu mafuta umeihesabu. Oili ya injini na filta yake badilisha kila kilomita 5,000; kwa mwendo wa hapo juu ni mara mbili, pengine tatu, kwa mwaka. Maegesho ya mjini hesabu kwa siku, maana ndiyo watu husahau. Kisha weka pembeni nauli ya mwaka mzima ya daladala au mwendokasi kwa njia hiyohiyo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei ya kuwa na gari, na hapo bado hatujafungua boneti.

Injini, giaboksi, bodi

Vitu vitatu tu ndivyo vinavyoweza kuliua gari: injini, giaboksi na bodi. Vingine vyote vinabadilishwa kirahisi. Kwa hiyo muda mwingi wa ukaguzi utumie hapo.

Fanya kazi hii alfajiri, injini ikiwa imelala baridi usiku kucha. Anza na kifuniko cha rejeta. Kifungue kikiwa baridi tu. Kikiwa cha moto maji yatakuchoma uso. Unatakiwa kuona kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) safi yenye rangi, ya kijani au nyekundu. Maji ya kahawia maana yake limekuwa likijazwa maji ya bomba na kutu imeanza kuziba njia za rejeta. Utando wa mafuta juu ya maji, au mapovu yasiyokoma baada ya kuwasha, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeharibika. Kisha fungua kifuniko cha kuwekea oili, kigeuze. Upande wa chini uwe na utando mwembamba wa oili. Ukikuta ute mzito wa rangi ya maziwa, na kijiti cha oili nacho kina ute uleule, maji yanaingia kwenye oili. Usiliwashe tena mpaka fundi aone.

Fundi yeyote asikutolee thamostati kwa kusema ni kifaa cha nchi za baridi. Injini isiyo nayo haifiki joto lake la kazi, hivyo inakula mafuta zaidi na vyuma vinalika haraka. Gari linalochemka lina sababu nyingine: feni isiyowaka, rejeta iliyoziba, kifuniko kisichoshika presha, pampu ya maji inayovuja. Tafuteni hiyo.

Washa, mwache mtu akanyage mafuta kidogo huku wewe ukitazama bomba la moshi. Mvuke mweupe wa dakika mbili tatu asubuhi ni wa kawaida. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamutamu, ni kulanti inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Wa buluu ni oili, na kwenye injini ya 1NZ-FE, ile ya 1.5 iliyo kwenye IST nyingi, chanzo cha kawaida ni ringi za oili zilizoganda kwa masizi kwa sababu oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati. Pima: jaza oili mpaka alama ya juu, endesha kilomita 1,000, pima tena. Ikipungua robo lita, ishi nayo kwa kukagua kila Jumamosi. Ikifika lita nzima, hiyo injini inaelekea kufunguliwa.

Kama bado una shaka, lipia kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Kwa 1NZ-FE, silinda nzima hutoa kilo 15 hivi kwa sentimita ya mraba. Kiwango cha chini ni 11, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya 1. Silinda ikisoma chini, fundi adondoshe kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima upya. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya hedi. Injini hii ina cheni ya taiming, haina mkanda. Cheni ikikwaruza kwa sekunde kadhaa kila asubuhi, imelegea. Starlet ya 4E-FE ina mkanda, na mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hakuna anayejua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa.

Giaboksi ya otomatiki haitaki kelele nyingi. Pasha gari moto kwa mwendo wa dakika 20, simama mahali tambarare, kanyaga breki, pitisha gia kutoka P mpaka chini na kurudi P, injini ikiendelea kunguruma. Chomoa kijiti cha giaboksi, dondosha tone moja juu ya tishu nyeupe. Likisambaa jekundu la mvinyo, mambo ni mazuri. Likiwa la kahawia nzito, lina chembe nyeusi na linanuka kama kitu kilichoungua, pleti za ndani zimeungua, na oili mpya haitazirudisha. Kisha toa R uingie D: gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili, bila kishindo. Likichelewa, au mlio wa injini ukipanda mlimani bila mwendo kuongezeka, andika "giaboksi" kwenye orodha ya gharama. Giaboksi ya gia nne ya IST inatumia oili ya T-IV. Vitz zenye CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) zina oili yake maalumu, na kuziwekea ya kawaida ni kuziua.

Bodi wengi huiacha kwa sababu rangi inang'aa. Inua kapeti za mbele, shika kwa kidole: unyevu hapo ni habari mbaya. Ingia chini na bisibisi, gonga na kuchokonoa kingo za chini ya milango, mahali shokapu zinaposhikilia juu, na pale jeki inapokaa. Chuma kizima kinalia "ti ti"; kilichooza kinalia kama kopo lililobondwa, na bisibisi inazama. Magari ya Tanga, Zanzibar, Kigamboni na ufukweni kwa ujumla yatazame mara mbili. Kutu ya juujuu inasafishwa. Kutu iliyotoboa sehemu zinazobeba gari haina dawa inayolingana na bei ya gari hilo.

Mengine ni ya haraka. Kata usukani mpaka mwisho na uende polepole: mlio wa "tak tak tak" ni jointi ya draivu shafti. Tikisa tairi lililoinuliwa juu na chini, kushoto na kulia, ili ukamate bolijointi na beringi. Soma tarakimu nne za DOT ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na tairi la umri huo ni la kubadilisha hata kama kashata bado zimesimama. Betri isome volti 12.4 hadi 12.6 ikiwa imepumzika, na 13.8 hadi 14.4 injini ikiwaka. Geuza swichi bila kuwasha. Taa ya injini isipoonekana kabisa, huenda mtu ameizima ili kuficha tatizo.

Usisahau mifuko ya hewa ya mbele. Toyota iliyaita yarudi kurekebishwa mamilioni ya magari ya miaka ya 2000, Vitz na Corolla yakiwemo, kwa sababu ya mifuko ya Takata ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevunyevu na inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Pwani yetu ndiyo joto na unyevunyevu wenyewe. Peleka namba ya chasisi kwa wakala wa Toyota aiangalie kabla hujaamua kubaki na gari.

Kupanga gharama

Waombe mafundi wawili wasiojuana bei, spea peke yake na ufundi peke yake. Kisha tenga mafungu. Breki, tairi, bolijointi na usukani ni vya lazima: utavitengeneza ukibaki nalo, na bila hivyo usiliendeshe hata siku moja. Ya injini, giaboksi na bodi yaweke peke yake. AC, redio, rangi na kioo cha umeme visikusumbue mwaka huu.

Mafungu mawili ya kwanza yakiwa chini ya theluthi ya bei unayoweza kuliuza lilivyo, baki nalo. Yakivuka nusu, uza. Katikati, angalia ni nini kilichoharibika. Injini iliyokufa ndani ya bodi nzima bado ni gari, kwa sababu injini za mtumba kutoka Japani zinapatikana Gerezani, Kariakoo. Ila namba ya injini imo kwenye kadi ya usajili wa gari, kwa hiyo dai risiti na peleka mabadiliko TRA. Injini nzima ndani ya bodi iliyooza si gari tena.

Kabla ya kusema "nitauza niagize jingine", fahamu kinachokusubiri bandarini: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi 10. Ndiyo maana IST nzee inashikilia bei mjini, na ndiyo maana kutengeneza mara nyingi kunashinda kubadilisha.

Usiuze kabla ya kupata barua ya kituo cha kazi. Anayepangiwa Sumbawanga ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar na njia za vumbi zisizoipenda IST iliyolala chini. Anayepangiwa Kibaha ana hesabu nyingine kabisa. Ukiwa unasubiri, gari lisioze uani: liwashe na kuliendesha dakika 20 kila wiki mbili, jaza upepo, na kama hakuna wa kuliendesha, chomoa waya hasi wa betri. Panya hula nyaya za gari lililosimama.

Kadi

Soma jina lililo kwenye kadi. Kama ni la baba na yupo hai, uhamisho ufanyike akiwa na nafasi ya kusaini. Kama ametangulia mbele ya haki, huwezi kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na yeye ndiye anayesaini. Kagua faini za usalama barabarani kwa namba ya gari. Zinafuata gari, na mnunuzi makini atazikagua mbele yako.

Ukiuza, andikishianeni mkataba mbele ya wakili, wenye tarehe na saa ya makabidhiano, kilomita zilizosomeka, namba ya chasisi, nakala za vitambulisho vya NIDA na TIN za pande zote mbili. Pesa ipokelewe benki, kaunta, au uone imeingia kwenye akaunti yako. Picha ya meseji si pesa. Kadi itoke mkononi mwako baada ya hapo, na muende pamoja kuanzisha uhamisho TRA siku hiyohiyo. Gari lililouzwa bila uhamisho likigonga mtu Chalinze usiku wa manane, polisi wataanza na jina lililo kwenye kadi.