Pima chapa ya nguo kabla hujalipa
Ili kujua kama chapa inajali wafanyakazi na mazingira, anza na orodha ya viwanda kwenye tovuti ya chapa: jina, anwani, idadi ya wafanyakazi. Nchi peke yake haitoshi. Jengo la viwanda vya nguo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh mwaka 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, ilibidi lebo zitafutwe kwenye vifusi ndipo ijulikane chapa zipi zilishonewa pale.

Kisha geuza nguo, soma lebo ya ubavuni. Pamba 60%, poliesta 40%? Mchanganyiko huo ni mgumu kuchakata upya. Nembo ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za kilimo hai, hudai angalau 70% nyuzi za kilimo hai, na hukagua hali za wafanyakazi. Nembo nyingine, OEKO-TEX Standard 100, hupima kemikali hatari tu. Hapa wengi hukosea, wakidhani inathibitisha pia kilimo hai au hali za wafanyakazi. Hakiki namba ya cheti kwa aliyekitoa.