Jinsi ya Kufuatilia Lengo la Kuandika Kila Siku

Anayeandika kitabu baada ya saa za kazi hukaa muda mrefu bila mtu wa kumwambia amefika wapi. Hana msimamizi, mhariri hajapatikana bado, na mswada wenyewe, ukiwa umefichika ndani ya simu au kompyuta, hauonekani kupanda kama ukuta unavyompandia fundi anayepanga matofali. Kwa sababu hiyo wengi huweka lengo la kuandika kila siku, wakalishika kwa wiki mbili au tatu, kisha wakaliacha wakiamini kwamba hawana nidhamu, ilhali walichokosa ni kumbukumbu inayowaonyesha walichokwisha kufanya. Nimetunza kumbukumbu ya namna hiyo kwa miaka kadhaa, na nimeona jinsi hesabu chache za kila siku zinavyoweza kuuvusha mswada pale ambapo ari imepungua. Nitaeleza hapa namna ninavyofanya, na mahali ambapo mwandishi wa Kiswahili anapaswa kuwa mwangalifu zaidi.

Kabla ya kuweka lengo lolote, pima. Andika kwa siku saba kama ulivyozoea, bila kujilazimisha, na kila usiku weka kwenye karatasi idadi ya maneno uliyoongeza siku hiyo, hata kama ni sifuri. Tuseme wiki hiyo imekupa maneno 210, 0, 480, 150, 330, 0 na 390. Jumla yake ni 1,560, na ukiigawa kwa siku 7 unapata wastani wa maneno 223 kwa siku. Wengi wakiziona tarakimu hizi huishika ile 480 na kusema kuwa huo ndio uwezo wao halisi. Hilo ni kosa, kwa kuwa siku ile moja huenda ilikuwa ya mapumziko, au sehemu uliyoiandika ulikuwa umeizungusha kichwani mwezi mzima. Zipange tarakimu kuanzia ndogo hadi kubwa, uchukue iliyo katikati, ambayo hapa ni 210, kisha uishushe kidogo hadi 200. Hilo ndilo lengo la kuanzia. Linaweza kuonekana dogo, lakini kwa kiwango hicho mswada wa maneno 30,000 hukamilika kwa siku 150, yaani miezi mitano, na miezi mitano si mingi kwa mtu ambaye amekuwa akiutaja mswada huo kwa miaka.

Jambo la pili ni kipimo chenyewe. Malengo mengi yanayotajwa katika mafunzo ya uandishi yametoka kwa watu wanaoandika Kiingereza. Mojawapo ya yale yanayotajwa sana ni lile la maneno 1,667 kwa siku, lililotokana na changamoto ya kuandika riwaya katika mwezi wa Novemba, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, ambapo mshiriki alitakiwa kufikisha maneno 50,000 kwa siku 30. Mwandishi wa Kiswahili akilichukua lengo hilo kama lilivyo, anajitwisha mzigo mzito kuliko wenyewe waliouweka, kwa sababu kitenzi chetu hubeba ndani yake mtendaji, wakati, mtendwa na hata ukanushi. "Hawakutuambia" huhesabiwa na kompyuta kuwa neno moja, ilhali Mwingereza angehitaji maneno matano kusema hivyo hivyo. Ni kweli kwamba vijineno kama "wa", "ya" na "cha" huongeza hesabu upande wetu, lakini kwa nilivyoona katika kazi zangu haviizibi tofauti hiyo. Basi usijione mzembe kwa kulinganisha maneno yako na ya mtu anayeandika kwa lugha nyingine. Lengo lako litokane na wiki yako mwenyewe.

Tena si lazima kipimo kiwe maneno. Mtunzi wa utenzi atahesabu beti, kwa kuwa ubeti mmoja uliotimia vina na mizani unaweza kumchukua saa nzima na bado ukawa na maneno machache mno. Kumpimia huyo kwa maneno ni kumwonea. Anayeandika tasnifu, ambaye aya moja humpeleka maktaba mara tatu, afadhali ahesabu dakika alizokaa mezani. Lililo muhimu ni kuchagua kipimo kimoja na kukaa nacho hadi rasimu ya kwanza iishe, maana ukihesabu maneno wiki hii na kurasa wiki ijayo, kumbukumbu yako haitaweza kulinganishwa na chochote.

Sasa tufike kwenye daftari. Mimi hutumia daftari kubwa lenye jalada gumu, lile ambalo wengi huliita kaunta buku, kwa sababu halihitaji chaji wala bando, na kwa sababu niliwahi kupoteza kumbukumbu ya miezi minne simu ilipoharibika. Chora safu sita: siku na tarehe, idadi ya maneno ulipoanza, idadi ulipomaliza, tofauti yake, dakika ulizotumia, na safu pana ya maelezo. Mstari mmoja wa siku utasomeka hivi: Jumanne, 4,120, 4,365, 245, dakika 50, alfajiri, umeme ulikuwepo, nimeishia Mwanaidi anapoifungua barua. Kuandika idadi ya mwanzo na ya mwisho, badala ya tofauti peke yake, kunakulinda dhidi ya kosa la kujumlisha, kwani idadi ya mwanzo ya leo sharti ilingane na ya mwisho ya jana. Ikitofautiana, ama ulihariri kitu ukasahau kukiandika, ama umefungua nakala isiyo yenyewe, na ni bora ugundue hilo leo kuliko baada ya wiki tatu.

Safu ya maelezo ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Ukitaja pale ulipoishia na sentensi unayotarajia kuanza nayo kesho, kesho yake hutapoteza robo saa ukiutazama ukurasa. Aidha, baada ya mwezi mmoja safu hiyo itakuambia mambo ambayo tarakimu haziwezi kukuambia. Mimi niliamini kwa muda mrefu kwamba huandika vizuri usiku nyumba ikishatulia, mpaka nilipopitia daftari na kukuta kwamba karibu siku zangu zote zilizozidi maneno 300 zilikuwa za alfajiri, na kwamba usiku nilikaa mezani muda mrefu zaidi nikapata maneno machache zaidi. Nilibadilisha saa ya kuandika kwa sababu ya ushahidi huo, na nisingeupata kwa kukumbuka tu.

Kutunza daftari kama hilo si jambo geni. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa karne ya 19, alikuwa mtumishi wa Posta kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya uandishi, na katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alieleza utaratibu wake bila kuficha kitu. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alianza kwa nusu saa ya kusoma alichoandika siku iliyotangulia, kisha akaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Kwa kila kitabu alitengeneza shajara iliyogawanywa kwa wiki, akajaza idadi ya kurasa siku baada ya siku, na kwa kuwa alijua kuwa neno "ukurasa" linaweza kumaanisha chochote, alikubaliana na nafsi yake kwamba ukurasa mmoja ni maneno 250. Alisema kwamba akizembea siku mbili, rekodi ya uvivu huo ilimtazama usoni. Sishauri mtu mwenye watoto wadogo na foleni ya daladala aige kasi yake, ila uaminifu wake wa kufafanua kipimo na kukijaza kila siku unafaa kuigwa na yeyote.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi. Microsoft Word huonyesha idadi ya maneno chini ya ukurasa upande wa kushoto, na Google Docs kwenye simu huionyesha ukibonyeza vitone vitatu vya juu na kuchagua hesabu ya maneno. Anayeandika kwa mkono asihesabu neno moja moja kila siku, maana atachoka na kuacha. Achukue kurasa tatu zilizojaa, ahesabu maneno ya mistari kumi katika kila ukurasa, agawe jumla kwa 30, na hapo atajua wastani wa maneno katika mstari wake. Kama ni 9, basi mistari 22 ni takriban maneno 200, na kuanzia siku hiyo atahesabu mistari tu. Ukipenda lahajedwali badala ya daftari, safu ni zile zile, na fomula kama =SUM(D2:D8) itakupa jumla ya wiki. Hata hivyo, piga picha ukurasa wa daftari au tuma nakala ya faili kwenye barua pepe yako kila mwisho wa wiki.

Siku za kurekebisha huwachanganya wengi. Umekaa saa moja na nusu, umefuta aya nne zilizokuwa dhaifu, na hesabu inaonyesha maneno 180 pungufu ya jana. Usiandike sifuri, kwa sababu umefanya kazi, na usiandike tarakimu ya kubuni ili kujifurahisha. Andika idadi ya mwanzo na ya mwisho kama zilivyo, tofauti iwe hasi, dakika zako 90 zionekane, na katika maelezo taja kwamba ulikuwa ukihariri. Ushauri wangu kwa rasimu ya kwanza ni kutokata kitu kabisa: weka alama pembeni na usonge mbele. Ila kama umeshindwa kujizuia, daftari liseme kweli.

Jumla ya wiki ndiyo inayostahili kuhukumiwa, na si siku moja moja. Ernest Hemingway alikuwa na chati ya maneno ya kila siku kwenye kipande cha boksi lililoegemea ukuta nyumbani kwake Cuba, na katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1958 zimetajwa baadhi ya tarakimu zake: 450, 575, 462, 1,250, 512. Ile iliyozidi nyingine ilitokana na kazi ya ziada aliyojipa ili kesho yake aende kuvua samaki bila kujilaumu. Mwandishi mzoefu kama yule alikuwa na siku zilizotofautiana hivyo, na alijilipia mapumziko kabla ya kuyachukua. Nawe, ukijua kwamba Jumamosi kuna harusi ya ndugu, ongeza maneno 50 kwa siku nne kabla yake, na sifuri ya Jumamosi haitakuwa na deni.

Kila Jumapili jioni fanya hesabu moja tu: toa maneno uliyokwisha kuandika kutoka kwenye lengo zima, kisha gawa kilichobaki kwa siku zilizobaki. Chukua ule mswada wa maneno 30,000 kwa siku 150. Mwezi umepita, ulitakiwa uwe na 6,000, na unazo 4,800 tu. Pengo la maneno 1,200 linatisha, na hapa ndipo wengi huacha. Lakini yamebaki maneno 25,200 na siku 120, yaani maneno 210 kwa siku. Mzigo wako umeongezeka kwa maneno kumi, ambayo ni sentensi moja fupi. Pengo hilo hilo likigunduliwa siku kumi kabla ya mwisho, utadaiwa maneno 320 kila siku. Ndiyo sababu ninasisitiza hesabu ya kila wiki, kwani deni la mapema hulipwa kwa sentensi na deni la mwisho hulipwa kwa kukesha. Usijaribu kulipa pengo lote kwa siku moja. Nimefanya hivyo, na sura iliyotokana na usiku ule niliiandika upya yote.

Ipo pia njia ya kuweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani kila siku uliyoandika, na inasaidia mwanzoni. Udhaifu wake ni kwamba alama ya siku ya maneno 20 inafanana na ya siku ya maneno 600, na siku mnyororo wa alama unapokatika kwa ugonjwa au msiba, mtu huhisi kwamba yote yamebomoka. Ukiitumia, iwe nyongeza ya daftari.

Sifuri zikifuatana siku nne au tano, soma safu ya maelezo kabla ya kujilaumu. Ukikuta kwamba umeme ulikatika mara kwa mara, andika kwa mkono wiki hiyo. Ukikuta kwamba siku zote hizo ulikwama pale pale katika hadithi, tatizo liko kwenye mswada, na inakubidi urudi sura moja nyuma uangalie ni wapi mhusika alifanya jambo asiloweza kulifanya. Na kama maisha yenyewe yamebadilika, badilisha lengo waziwazi: chora mstari chini ya tarehe, andika lengo jipya na sababu yake. Katika mwezi wa Ramadhani mimi hushusha lengo hadi maneno 120 na kuyaandika baada ya daku, kisha hurudi kwenye 200 wiki moja baada ya Idi. Kupandisha lengo nako kuwe na kanuni: ukilifikia kwa wiki nne mfululizo bila kuhangaika, ongeza maneno 25, si zaidi.

Rasimu ikiisha, usilitupe daftari. Katika ukurasa wa mwisho andika idadi ya siku zote, idadi ya siku za sifuri, wastani wa siku moja na saa ya siku iliyokupa maneno mengi zaidi. Mswada unaofuata hautahitaji wiki ya majaribio. Utaanza na tarakimu hizo, kwenye ukurasa unaofuata.