Kuomba Nafasi ya Rubani Mwanafunzi Ukiwa Tanga: Anza na Macho, Fomu Ifuate

Shirika la ndege linapotangaza nafasi za marubani wanafunzi, tangazo hupita kwenye simu za vijana wa Ngamiani na Chumbageni ndani ya siku moja, na waliomaliza kidato cha sita hukimbilia kujaza fomu. Ushauri wangu kwao huwa ni kwamba fomu isubiri. Fomu hujazwa jioni moja, ilhali afya, mkataba, Kiingereza cha kuzungumza na hesabu za kichwani, ambavyo ndivyo vitakavyoamua hatima ya maombi hayo, huhitaji miezi ya maandalizi.

La kwanza ni afya, na hasa macho. Hakuna anayepewa leseni ya rubani wa biashara bila cheti cha afya cha daraja la kwanza, nacho hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga pekee, ambayo kwa nchi yetu ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Daktari huyo hupima macho, masikio, moyo, shinikizo la damu na mkojo, na huuliza pia juu ya afya ya akili na magonjwa ya nyuma. Wapo wanaoacha kuomba kwa sababu tu wanavaa miwani, na hilo ni kosa: kanuni za kimataifa zinataka kila jicho lifike 6/9, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukisoma kwa mita 9, na macho yote mawili kwa pamoja yafike 6/6, kwa miwani au bila miwani. Linalokwamisha zaidi ni kutotofautisha rangi. Rubani anayekaribia kutua usiku huongozwa na taa nne zilizo kando ya njia ya kurukia. Mbili zikiwa nyeupe na mbili nyekundu, yuko kwenye mteremko sahihi, na zote zikiwa nyekundu, yuko chini mno. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alivuka hatua mbili za mchujo, familia ikachanga nauli na gharama za malazi, na ni mbele ya daktari ndipo alipogundua kuwa hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Hakuna aliyewahi kumpima tangu azaliwe. Hali hiyo hurithiwa na huwapata zaidi wanaume, na kipimo chake cha awali ni cha dakika chache tu: kurasa za Ishihara, zenye namba zilizofichwa ndani ya vitone vya rangi. Nenda kwenye kliniki ya macho, uombe kupimwa kwa kurasa hizo kabla hujatumia shilingi nyingine yoyote.

La pili, ambalo wazazi wanapaswa kukaa nalo kwa muda mrefu kuliko yote, ni kujua mpango unaoombwa ni wa aina gani, kwa maana jina moja la rubani mwanafunzi hubeba mambo matatu yaliyo mbalimbali. Upo mpango ambao shirika hulipia mafunzo yote, kisha mhitimu hulitumikia kwa miaka iliyotajwa katika mkataba, na akiondoka kabla ya muda hudaiwa gharama. Upo ambao shirika huchagua wanafunzi na kuwaahidi nafasi ya kazi wakifaulu, lakini ada hulipwa na mwanafunzi mwenyewe au kwa mkopo. Na upo wa chuo kilichoweka jina la shirika kwenye tangazo lake, ambacho hakiahidi kazi yoyote hata mwanafunzi afaulu vipi. Mafunzo haya hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, kwa hiyo kuchanganya aina ya pili na ya tatu kunaweza kuifanya familia iuze kiwanja na kumwacha kijana na leseni isiyo na ajira.

Ukiupata mkataba, usome ukiwa na mtu anayeijua sheria, utafute ndani yake majibu ya maswali yafuatayo. Nani atalipa mwanafunzi akishindwa katikati ya masomo? Nani atalipa akipoteza cheti cha afya? Mdhamini atabanwa kwa kiasi gani, na kwa mali ipi? Nani atagharimia mafunzo ya aina mahususi ya ndege? Swali hili la mwisho husahaulika sana. Leseni ya rubani wa biashara, ambayo hupatikana kwa saa 200 za kuruka, au 150 katika kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa, haimruhusu mtu kukaa mara moja kwenye Airbus au Boeing. Kila aina kubwa ya ndege ina mafunzo yake, na gharama yake si ndogo. Vilevile, atakayesomea nje ya nchi aulize mapema utaratibu wa TCAA wa kuitambua leseni ya kigeni, kwa sababu leseni ya huko haitumiki hapa moja kwa moja kwenye ndege zetu.

Uraia nao utazamwe kabla ya ndoto kukua. Mpango wa British Airways uitwao Speedbird Pilot Academy hulipia mafunzo, lakini humtaka mwombaji awe na haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza. Mashirika mengi yenye mipango ya kulipiwa huwapa nafasi hizo raia wa nchi zao.

Ndipo zije nyaraka. Umri wa chini wa leseni ya biashara ni miaka 18, na mashirika kwa kawaida hutaka ufaulu mzuri wa Hisabati, Fizikia na Kiingereza. Hapa kwetu jambo linalochelewesha watu ni majina. Utamkuta mtu ni Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa, Athuman kwenye cheti cha kidato cha nne na Othman kwenye kitambulisho cha taifa, na anayepitia maombi akiwa mbali hana namna ya kujua kuwa wote watatu ni yeye. Rekebisha hilo mapema kwa hati ya kiapo na kwa kufuata taratibu za RITA, wanaosajili vizazi, na NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, kisha uombe pasipoti kwa jina lile lile, kwani kazi hizi hazikamiliki ndani ya wiki mbili za tangazo.

Barua ya maombi iwe fupi na iseme mambo yaliyotokea. Barua nyingi ninazoletewa nizisome huanza kwa kusema kuwa mwandishi alipenda ndege tangu utotoni, na baada ya hapo haziongezi kitu. Shirika linatafuta mtu atakayekaa na mwenzake kwenye chumba kidogo, afuate utaratibu hata akiwa amechoka, akiri kosa mara tu analipoliona, na awe na uthubutu wa kuahirisha safari. Kijana wa Tanga ana pa kuyatoa hayo. Aliyekulia Sahare akamsaidia baba yake kwenye mashua amewahi kuiona siku ambayo samaki walikuwa wengi nje, upepo ukabadilika, na nahodha akaamua kugeuza chombo licha ya manung'uniko ya mabaharia. Akieleza siku hiyo kwa sentensi nne, aliona nini, nani alisema nini, uamuzi ulikuwa upi na yeye alijifunza nini, ameandika barua ambayo mwombaji mwingine hawezi kuinakili. Asiyekwenda baharini atafute tukio lake dukani, kiwanjani au shuleni. Jambo moja tu nasisitiza: liwe la kweli, kwa sababu kwenye usaili ataulizwa undani wake.

Mitihani ya mchujo kwa kawaida hufanyika kwenye kompyuta, na hupima hesabu za haraka, kuelewa mwelekeo, kumbukumbu, na kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hesabu zinaweza kuzoezwa hapa hapa nyumbani bila kununua programu yoyote. Ndege na meli hutumia maili ile ile ya baharini, basi chukua ramani. Kutoka uwanja wa Tanga hadi ule wa Pemba ni takribani maili 45. Ndege iendayo maili 150 kwa saa itatumia dakika 18. Hadi Dar es Salaam ni takribani maili 107. Kwa maili 160 kwa saa ni dakika 40, lakini Kusi ikivuma usoni kwa maili 20 kwa saa, mwendo juu ya ardhi hushuka hadi 140 na safari hufika dakika 46. Marubani pia huhesabu kuwa kushuka futi 1,000 kunahitaji takribani maili tatu, hivyo aliye futi 6,000 juu ya uwanja huanza kushuka akiwa na maili 18 mbele yake. Jipe mafumbo kumi ya namna hiyo kila siku, bila kalamu, huku mtu akikusemesha.

Kiingereza hakikwepeki. Tangu mwaka 2008 marubani wa safari za kimataifa wanatakiwa kufikia angalau daraja la nne kati ya sita katika kusikiliza na kuzungumza. Lafudhi yetu si kosa maadamu maneno yanaeleweka. Upungufu wa wengi ni kwamba wamekisoma Kiingereza kwa miaka mingi bila kukizungumza, kwa hiyo tafuta mwenzako, mshike picha moja, na kila mmoja aieleze kwa dakika mbili bila kusimama.

Kwenye usaili utaulizwa kuhusu shirika lenyewe. Anayeomba Air Tanzania ajue kuwa lina Dash 8 Q400, Airbus A220 na Boeing 787, na anayeomba Precision Air ajue habari za ndege zake za ATR. Katika kazi ya kikundi, anayewakatiza wenzake hupoteza alama sawa na anayenyamaza.

Mtu akikupigia kukuambia utume fedha kwenye namba yake binafsi ili jina lako lipite, kata simu. Ada halali ya mtihani, pale inapokuwapo, hutajwa kwenye tovuti ya shirika au chuo na hulipwa kwenye akaunti ya taasisi.

Ukiitwa Dar es Salaam, panda basi pale stendi ya Kange siku moja kabla, usisafiri usiku wa kuamkia mtihani. Mashirika mengi humtaka aliyeshindwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kuomba tena, kwa hiyo ukiwa kwenye basi la kurudi, kabla hata ya kufika Segera, andika kwenye daftari kila swali unalolikumbuka na jibu ulilolitoa.