Namna ya kumtunza mzee katika miaka inayofuata upasuaji wa saratani ya tezi dume iliyosambaa

Saratani ya tezi dume ikishafika kwenye mifupa, upasuaji unaofanyika kwa kawaida si wa kuondoa tezi yenyewe bali wa kuondoa korodani. Seli za saratani hii hukua kwa kutegemea homoni ya testosteroni, na zaidi ya asilimia 90 ya homoni hiyo hutengenezwa kwenye korodani; Charles Huggins alilionyesha jambo hilo mwaka 1941, na mwaka 1966 akapewa Tuzo ya Nobel. Baada ya upasuaji homoni hushuka ndani ya siku moja hivi, na maumivu ya mifupa mara nyingi hupungua upesi. Kwa familia ya Newala au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania, upasuaji huu una faida nyingine kubwa: mzee hahitaji kusafiri kila mwezi au kila miezi mitatu kufuata sindano ya kuzuia homoni, wala hakuna dozi ya kusahaulika wakati wa masika.

Hata hivyo upasuaji huu hauponyi saratani. Huituliza, na kwa wagonjwa wengi wasiopata dawa nyingine utulivu huo hudumu mwaka mmoja na nusu hadi miwili, ingawa wapo wanaokaa miaka mingi. Hatari ni kwamba mzee anapopata nafuu, karatasi za hospitali huwekwa kabatini na hakuna anayezigusa tena mpaka maumivu yarudi. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika tarehe ya upasuaji mahali ambapo watoto wote wataiona, na kuhesabu kuanzia hapo.

Kipimo cha damu cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume na seli za saratani yake, kifanyike kila baada ya miezi mitatu hadi sita, ikiwezekana katika maabara ileile ili majibu yalinganishwe vizuri. Kabla ya kusafiri, ulizeni kwa simu kama kipimo kinapatikana, iwe ni Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kipimo cha miezi saba baada ya upasuaji kina uzito wa pekee. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, kwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na homoni zao zilizuiwa kwa dawa, ulionyesha kwamba miongoni mwa wale ambao PSA yao ilikuwa imeshuka hadi 0.2 (nanogramu kwa mililita) au chini ya hapo baada ya miezi saba, nusu waliishi zaidi ya miezi 75. Kwa waliobaki juu ya 0.2 lakini wasiozidi 4, ilikuwa miezi 44. Na kwa waliozidi 4, miezi 13. Takwimu hizo ni za kabla ya dawa mpya kama abirateroni na enzalutamidi, wala hazimpangii mzee wenu siku zake. Manufaa yake ni kuwaonyesha mapema nani anahitaji dawa ya kuongezea. Katika jambo hili nina msimamo: familia isisubiri fedha za korosho za mwisho wa mwaka ili kwenda kupima, kwa sababu PSA inayopanda hutangulia maumivu kwa miezi, na muda huo ndio wa kuzungumza na daktari bingwa kuhusu hatua inayofuata.

Mabadiliko ya mwili yanahitaji kuelezwa nyumbani kabla hayajaleta hofu. Wagonjwa wengi hupatwa na joto la ghafla usoni na kifuani, likifuatiwa na jasho, na baada ya dakika chache hutulia. Huku kwetu, hasa miezi ya kiangazi, joto hilo huweza kudhaniwa kuwa malaria, na mzee akanunuliwa dawa ya mseto tena na tena bila kupimwa. Wekeni kipima joto nyumbani. Akiwa na homa kweli, apelekwe zahanati akapimwe malaria. Kama hana homa na hali inapita yenyewe, ni upungufu wa homoni. Hamu ya tendo la ndoa pia hupungua sana au huisha kabisa, na ni haki ya mama kuelezwa hivyo na daktari mbele ya mumewe, ili asidhani kwamba amechukiwa. Mzee anayejitenga, asiyelala na asiyetaka kula asiachwe kwa kusemwa kuwa ni uzee. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa huu na inatibika.

Mifupa hupungua nguvu na misuli hunywea, huku uzito, sukari na shinikizo la damu vikielekea kupanda. Wingi wa damu nao hushuka kidogo. Atembee kila siku, na kazi nyepesi za shambani azifanye kidonda kikishapona, lakini asibebe magunia wala asipande mikorosho. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, maziwa na mboga za majani humpatia madini ya chokaa. Sigara aache kabisa.

Jambo lisilosubiri hata siku moja ni mgongo. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi akilala au akikohoa, miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kuziba au choo kumtoka bila kujijua, ni dalili kwamba saratani inabana uti wa mgongo. Asipakiwe kwenye bodaboda. Alazwe chali kwenye gari na afikishwe siku hiyohiyo katika hospitali ya karibu yenye daktari, ambaye ataelezwa wazi kwamba mgonjwa ana saratani ya tezi dume ili aanze dawa ya kupunguza uvimbe kabla ya kupanga rufaa ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na anayeanza matibabu akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea, lakini ambaye miguu yake imeshapooza kwa siku kadhaa ni nadra airudishe.

Maumivu ya mifupa yakirudi na dawa za kawaida zisipotosha, ombeni morfini ya maji bila aibu. Haiharakishi kifo ikitumiwa kama ilivyoelekezwa, nayo hunywewa kwa saa maalumu, kwa kawaida kila baada ya saa 4, si mpaka maumivu yazidi. Ombeni na dawa ya kulainisha choo siku ileile, kwa sababu morfini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia.