Kupatana bei ya gari kwenye yadi za Arusha: hesabu kwanza, maneno baadaye

Kabla hujakanyaga yadi yoyote, kaa chini na kalamu. Niliwahi kushika vitabu vya yadi moja hapa mjini, na nikwambie tu: mteja aliyekuwa anatutoa jasho si yule wa kupaza sauti wala yule wa kujifanya anaondoka. Ni yule aliyeingia akijua gari limetugharimu shilingi ngapi mpaka kufika pale. Huyo aliagiziwa soda, akakaribishwa ofisini, na bei ikazungumzwa kwa adabu. Wengine wote walipunguziwa kile kilichokuwa kimeongezwa makusudi ili kije kipunguzwe.

Magari mengi tunayoyaita mapya huku Kaskazini yametumika Japani, yakashuka bandari ya Dar es Salaam, yakaendeshwa zaidi ya kilomita 600 kuja kwetu. Kilicho kipya ni namba. Hayo ndiyo nitayazungumzia kwa kirefu. La sifuri kilomita nitaligusa baadaye kidogo, maana huko nafasi ya kupatana ni finyu.

Anza na bei ya Japani. Siyo siri. Ingia tovuti za wauzaji wa kule, kama Be Forward au SBT, tafuta modeli ileile, mwaka uleule, ujazo wa injini uleule, kilomita zinazokaribiana, halafu chagua bandari ya Dar es Salaam ili bei ije pamoja na meli na bima. Usishike lile la bei ya chini kuliko yote, kwa kawaida lina sababu yake. Angalia kadhaa, chukua ya katikati.

Halafu kodi. Hapa watu wanaruka kwa sababu hesabu inachosha, na hapa ndipo pesa ilipo. TRA, yaani mamlaka ya mapato, wana kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yao. Unajaza aina, modeli, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka na ujazo wa injini, kinakupa jumla. Kinatumia thamani waliyoiweka wao, siyo ile ya kwenye ankara yako, kwa hiyo usishangae namba zikitofautiana. Ndani yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa kwa injini: isiyozidi cc 1000 sifuri, kutoka hapo mpaka 2000 asilimia 5, zaidi ya hapo asilimia 10. Kuna wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 asilimia 15, lililozidi miaka 10 asilimia 30. Juu ya hayo yote inakaa VAT ya asilimia 18, na tozo ndogondogo za reli na forodha.

Tuseme gari la cc 1500 ambalo TRA wameliwekea thamani ya shilingi milioni 10, na limezidi miaka 10. Forodha milioni 2.5, tumefika 12.5. Ushuru wa injini 625,000, uchakavu 3,750,000, tumefika 16,875,000. VAT yake ni 3,037,500. Kodi peke yake, ukiacha zile tozo ndogondogo, ni 9,912,500, yaani karibu umelinunua mara mbili. Sasa gari la thamani hiyohiyo ambalo halijafika miaka 8 linalipa 5,487,500. Ndiyo maana ukiuliza kwa nini Toyota IST ya zamani ni ghali hivyo, jibu haliko yadi.

Kuna jambo moja hapa wanunuzi hawalijui na wauzaji wajanja wanalijua. Gari lililolipiwa kodi mwaka jana likiwa kwenye kundi la asilimia 15 linaweza kuwa leo limevuka kwenda 30. Yadi ililipa ndogo, lakini mwenzake akiliingiza sasa atalipa kubwa, basi muuzaji atalipandisha kulingana na la leo. Ana haki yake. Na wewe una haki ya kumwambia unajua alilipa ngapi.

Fungu linalobaki ni bandari, wakala wa forodha, usajili, dereva wa kulileta na mafuta yake. Pigia wakala yeyote wa Dar unayemfahamu umuulize kwa gari la ukubwa huo inafika ngapi mpaka namba kufungwa. Watu wa Moshi na Arusha hatukosi binamu Kariakoo anayemjua mtu bandarini.

Jumlisha. Hiyo ndiyo gharama. Juu yake mwekee mwenye yadi faida, maana analipa pango la barabarani, analipa mlinzi, na mtaji wake umelala pale ukipigwa jua. Mimi huanza na kumi kwa mia ya gharama, nikifika kumi na tano naanza kuutazama mlango. Kama gari ni safi kweli na sitaki kusubiri meli, nafika hapo bila kinyongo. Mazungumzo yako yote ni juu ya faida hiyo tu. Ukishaliona hivyo, hutapoteza muda kubishana kama Rumion ni gari nzuri au mbaya.

Tahadhari na cha juu, yaani pesa ya dalali inayoongezwa kwenye bei. Ukilipata gari kupitia picha za dalali, lile tangazo la "maongezi yapo", ujue bei ile imeshabeba chake. Hata kama umelikuta mwenyewe, akikusindikiza kutoka getini mpaka kwenye gari, muuzaji atamlipa, na atamlipa kutoka mfukoni mwako. Kijana akikupokea na "karibu bosi, nikuoneshe vitu", mwambie asante, nimeongea na watu wa ndani. Na uwe kweli umewapigia, kwa namba iliyo kwenye bango lao.

Nenda asubuhi, na uwaambie mapema wasiliwashe. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini iliyopashwa haitakuonesha moshi wala mlio wa kuwaka kwa baridi. Nenda na fundi wako, umlipe wewe, awe na mashine ya kupimia. Fundi unayeletewa na yadi ni wa yadi.

Mwambie alale chini aangalie kutu. Magari yaliyotoka sehemu za theluji kule Japani, Hokkaido na jirani zake, yameendeshwa kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, na chumvi hula chini wakati juu kunang'aa. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani. Gredi ya 4 au 4.5 ni nzuri, 3.5 inavumilika, R au RA maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita za pale zilingane na za kwenye dashibodi. Wakikwambia karatasi imepotea, omba cheti cha kusafirishia kutoka Japani. Vikikosekana vyote viwili, mita uione kama pambo.

Kisha vitu viwili vya kukupa nguvu mezani. Cha kwanza ni tarehe ya usajili kwenye kadi. Inakwambia gari limekaa yadi muda gani, hata kama limeoshwa na kupakwa mafuta tairi. La miezi minane ni mzigo kwa mwenye nalo. Cha pili ni tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mengi yanakuja na tairi za theluji, laini, zenye mikato midogomidogo, ambazo kwa lami yetu na joto la Same zinakwisha upesi. Bei ya tairi nne mpya inatoka kwenye bei ya gari.

La kujaribishia, usikubali kuzungushwa Barabara ya Sokoine kwenye foleni. Pandisha Ilboru kutokea Sanawari, usikie gia zinavyobadilika mlimani, kisha tafuta kipande cha vumbi na mawe usikilize miguu, yaani springi na shokapu. Moshi panda kuelekea Kibosho. Zima redio. Muuzaji atawasha, wewe zima.

Sasa meza. Shemeji yangu alitaka Rumion, akaniomba nimsindikize. Muuzaji alianza kama wanavyoanza wote.

"Mama, hii ni milioni 22, ila tunaongea. Kwani shemeji ana bajeti ya ngapi?"

Swali hilo halijibiwi. Ukitaja namba, ndiyo bei yako mpya.

"Bajeti inafuata gari, Mangi. Tuletee kadi tuione."

Kadi ikaja. Nikamsomea tarehe, akasema wateja wanalipigania kila siku. Nikamwonesha simu: kodi kwenye kikokotoo, bei za Japani, hesabu ya bandari na dereva. "Mpaka linafika hapa ni kama 17 na laki nane. Tairi zote ni za theluji, za 2017. Tunakupa 19, leo, kwa benki, na uhamisho wa umiliki juu yenu."

Nikanyamaza. Shemeji akataka kuongezea neno, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ukishataja bei yako yenye sababu, anayefuata kusema ndiye anayesogea.

"Mama, 19 haitoki kabisa."

"Inatoka ngapi?"

"Ishirini na moja. Na hapo nimekuheshimu."

"Asante baba, na mimi nakuheshimu. 19 na laki tatu."

Akashuka 20, nikapanda laki mbili. Aliponiona napanda kidogo kuliko mara ya kwanza akajua naishiwa, na hicho ndicho nilitaka akione. Tulimalizia 19 na laki saba, tairi nne mpya, uhamisho wao. Hakuna aliyenuna. Alituita tena tulipotaka kuondoka atuoneshe Noah, kwa hiyo najua alipata chake.

Maneno utakayokutana nayo karibu kila yadi. "Kuna mtu kaacha advansi." Sawa, basi mngojeeni, na hii hapa namba yangu asipokuja. "Dola imepanda." Gari lile lilishalipiwa zamani, na kanuni zilizotoka Machi 2025 zimekataza kutangaza bei ya bidhaa nchini kwa fedha za kigeni, hivyo zungumza shilingi tu. "Bajeti inakuja, Julai mosi bei zinabadilika." Hilo la Juni lina ukweli kidogo, kwa sababu sheria ya fedha huanza Julai mosi na la kuagiza kesho linaweza kupanda. Lakini lililoko mbele yako kodi yake imekwisha kulipwa. "Kwa mwezi ni kidogo tu." Uliza jumla mpaka shilingi ya mwisho, andika, ulinganishe na bei ya taslimu. Kama una mkopo wa benki, usiutaje mpaka bei ikubalike. Benki itataka bima kubwa, ambayo huhesabiwa kwa thamani ya gari, basi iingize kwenye daftari mapema.

Msimu nao ni bei. Novemba na Desemba sisi Wachaga tunarudi nyumbani, na wapo wasioweza kuonekana Machame au Rombo bila gari la kupaki uani. Sitaji mtu. Wauzaji hawapunguzi miezi hiyo. Subiri Januari, ada za shule zikishawapiga watu, yadi zikiwa kimya. Utaitwa kwa jina.

La sifuri kilomita kwa wakala rasmi ni biashara nyingine. Bei iko kwenye orodha, na anayekuhudumia mara nyingi hana mamlaka ya kukata kikubwa. Omba vingine: huduma za mwanzo bure, kulifikisha Arusha bila gharama, mazulia, vioo vya giza vinavyoruhusiwa, bima ya mwaka wa kwanza. Uliza kama wana la maonyesho, au lililobaki la mwaka uliopita. Omba bei kwa maandishi ili uipeleke kwa mwingine.

Kulipa ni haraka, ila usiharakishwe. Pesa iende akaunti ya jina lile lililo kwenye kadi au la kampuni yenyewe, kamwe siyo simu ya dalali. Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi chote ulicholipa, siyo nusu. Namba ya chasisi kwenye kadi isomwe pamoja na ile ya kwenye bodi, tarakimu kwa tarakimu. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima nchini, palepale.

Na kabla hujatoa gari getini, angalia deni la trafiki kwa namba yake. Dereva aliyelikimbiza kutoka Dar anaweza kuwa alipigwa tochi Korogwe au Same, na faini imekaa kwenye namba ikikusubiri wewe. Walipe wao. Dai pia ufunguo wa pili, jeki na spea, vyote vitatu mkononi, siyo vya "njoo kesho mama".