Jinsi ya kuzipa rekodi za kwaya msimbo wa ISRC

Kwaya nyingi ninazozirekodi hapa Iringa huleta kazi zilezile: Haleluya ya Handel, Ave verum corpus ya Mozart, Misa za Kilatini. Mtunzi ni mmoja na jina la kazi ni moja, hivyo kinachotofautisha rekodi moja na nyingine ni msimbo wa ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi ya sauti, nao unapaswa kuandaliwa kabla kazi haijatoka studio.

Hatua ya kwanza, tenganisha utunzi na rekodi. Namba K. 618, ya orodha ya Köchel ya kazi za Mozart, ni ya Ave verum corpus, iliyotungwa mwaka 1791, hata ikiimbwa na nani. ISRC ni ya sauti iliyonaswa. Kwaya moja ya Tosamaganga na nyingine ya Kihesa zikiirekodi kazi hiyo, K. 618 haibadiliki, ila misimbo itakuwa miwili. Hata kwaya ileile ikirudi baada ya mwezi kwa sababu besi zilikuwa dhaifu, hiyo ni rekodi nyingine.

Hatua ya pili, pata kitambulisho chako kutoka kwa wakala wa ISRC, au mwombe msambazaji wako akupatie misimbo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi: kuigawa kazi. Misa yenye Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei, ikitolewa kwa vipande vitano, huhitaji misimbo mitano. Ukitoa pia Misa nzima kama kipande kimoja kisichokatika, nacho kipewe msimbo wake. Gloria ikifupishwa kwa ajili ya redio inapata msimbo mpya, lakini kuigeuza faili kutoka WAV kwenda MP3 hakubadilishi chochote.

Hatua ya nne, unda msimbo wenyewe. Una herufi na tarakimu 12: tano za mwanzo ni kitambulisho chako, mbili zinazofuata ni mwaka, na tano za mwisho ni namba unayoipanga wewe, kuanzia 00001 ukipenda. Mwaka huo ni wa kutoa msimbo. Ukanda wa sauti (tepu) wa mwaka 1988 unaopewa msimbo mwaka 2024 utaandikwa 24.

Hatua ya tano, tunza daftari. Niliwahi kunakili mstari wa Haleluya ya kwaya moja ili niandike ya kwaya nyingine, nikasahau kubadili tarakimu za mwisho, na wasikilizaji wa kwaya ya pili wakahesabiwa kwa ile ya kwanza. Iliniuma sana kumweleza mwalimu wa kwaya kosa ambalo halikuwa lake. Tangu hapo kila mstari una namba ya utunzi, sehemu, kwaya, kiongozi, mpiga kinanda, mahali, tarehe na dakika, nami husikiliza kila faili huku nikiusoma mstari wake kabla ya kuituma.