Cap Corse: anzia Bastia

Ukikodi gari kuizunguka rasi ya Cap Corse, kaskazini mwa kisiwa cha Corsica, anzia Bastia upande wa mashariki. Kule huendeshwa kulia, kwa hiyo bahari inabaki upande wako wa kulia njia nzima, na unaegesha kutazama mandhari bila kukata barabara kwenye kona. Tena magharibi unafika alasiri, jua likiipiga Nonza, kijiji kilichokaa juu ya mwamba na ufuo mweusi chini yake (weusi huo ni kifusi cha mgodi wa asbesto wa Canari, wala si volkano). Mwoga wa kimo asithubutu: magharibi barabara ni nyembamba na genge la mwamba liko ubavuni mwake. Huyo aanzie Saint-Florent, upande wa magharibi, azunguke kinyume akiuambaa mlima.